Barafu ya Mlima Kenya inaisha, lakini tenki letu ni msitu

Wikendi ikifika, mitandao hujaa picha za vijana waliopanda Mlima Kenya. Jaketi nzito, bendera mkononi, jua likichomoza nyuma ya kibao cha Point Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari. Picha kali, hakuna ubishi. Lakini chini ya kilele hicho kuna barafu iliyokonda, yenye rangi ya kijivu, ambayo wengi huipita tu. Inaitwa Lewis, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Kati ya 1934 na 2010, Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Mwingereza Halford Mackinder alipofika kilele kirefu zaidi, Batian (mita 5,199), mwaka wa 1899, mlima huu ulikuwa na maeneo 18 ya barafu ya kudumu. Leo yamebaki machache, tena vipandevipande. Ripoti ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) ya 2021 ilikadiria kwamba barafu yote itakuwa imekwisha katika miaka ya 2030. Yaani wewe unayesoma haya ukiwa chuoni, huenda watoto wako wakaiona kwa picha tu.

Inauma hata kwa jina. Inaelezwa kwamba Wakamba waliuita mlima huu Kiinyaa kwa kuufananisha na mbuni dume: mwamba mweusi, manyoya meupe. Mmishonari Ludwig Krapf, aliyeuona akiwa Kitui mwaka wa 1849, aliandika jina hilo alivyolisikia, na baadaye nchi nzima ikaitwa Kenya. Sasa mbuni ananyonyoka.

Kwa nini barafu inaisha? Mlima uko kando ya Ikweta, na kinachoweka barafu pale ni kimo. Kila ukipanda mita 100, joto hushuka kwa zaidi ya nusu ya nyuzi moja. Huko juu hakuna miezi ya baridi na miezi ya joto kama Ulaya. Mchana jua linakuchoma, usiku maji yanaganda kwenye chupa, mwaka mzima. Barafu haipati msimu wa kupumzika, na huishi kwa theluji mpya inayoanguka. Dunia ikipata joto na theluji ikipungua, inaanza kula akiba yake.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tunasema barafu ikiisha, mito itakauka. Ukweli ni kwamba barafu iliyobaki ni kidogo mno, na mchango wake kwa mito ni mdogo sana. Maji yanatokana na mvua. Pepo za Bahari ya Hindi hugonga upande wa kusini mashariki, kule Embu na Chuka, ambako miteremko hupata mvua zaidi ya maradufu ya ile ya upande mkavu wa kaskazini. Msitu huipokea mvua hiyo, ikazama polepole ardhini, kisha ikatoka kwenye chemchemi miezi ya kiangazi. Kata msitu, na mvua ileile itateremka kwa siku moja ikibeba udongo. Kiangazi kikifika, mto unabaki mawe.

Sawa, maji mengi ya bomba ya Nairobi hutoka Aberdare, kwa hivyo mtu wa mtaani anaweza kusema hayamhusu. Lakini Thiba na Nyamindi, mito ya mlima huu, ndiyo inayonywesha mpunga wa Mwea. Mito yake mingi huishia Tana, ambako mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere huzalisha stima unayochajia simu. Upande wa pili, Ewaso Nyiro huteremka hadi Isiolo na Samburu. Wakulima wa juu wakivuta maji mengi wakati wa ukame, mfugaji wa chini hukuta mchanga, na ugomvi huanzia hapo.

Ndiyo maana siasa ya miti si mambo ya wazee. Mwaka wa 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma. Julai 2023, Rais William Ruto akatangaza kuiondoa, serikali ikisema itavunwa miti ya kupandwa iliyokomaa. Serikali hiyohiyo imeahidi kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Ahadi nzuri, ila mche si msitu. Kafuri au mwerezi wa asili ukiangushwa leo, mche utachukua miongo kadhaa kufanya kazi yake. Swali la kumuuliza kiongozi wako si miche mingapi imepandwa, bali mingapi imeishi, na nani anakata ile mikubwa.

Barafu hatuwezi kuiokoa peke yetu. Kenya hutoa chini ya asilimia moja ya hewa chafu inayopasha dunia joto. Lakini shoka linaloingia msituni ni letu, na sheria ya kulizuia ni yetu pia.

Kwa hivyo ukipanda tena, ipige picha Lewis na uandike tarehe. Halafu ukiteremka kwenye msitu, usiweke simu mfukoni. Ukiona visiki vipya, vipige pia, uweke na hivyo mtandaoni.