Vitabu vya Kuwachekesha Wanaoanza Kusoma

Wako wazazi ambao wakimwona mtoto anacheka peke yake juu ya kitabu, humnyang'anya, wakidhani ya kuwa anapoteza wakati. Yafaa wazazi wa namna hiyo wasikie habari za paka mmoja wa Marekani.

Mwezi wa Mei, mwaka 1954, mwandishi John Hersey alitoa makala katika gazeti la Life, akiuliza kwa nini watoto wengi wa nchi ile walikuwa wazito wa kusoma. Sehemu ya lawama aliitupa juu ya vitabu vyao vya kwanza. Picha zake zilikuwa za watoto wasafi kupita kiasi, wenye adabu kupita kiasi, wasiotenda neno lolote ambalo mtoto halisi angetaka kujua mwisho wake. Hersey akasema heri kazi hiyo wapewe wachoraji wenye mawazo, na mmoja aliyemtaja ni Theodor Geisel, ajulikanaye zaidi kwa jina la Dr. Seuss.

Ndipo William Spaulding, wa kampuni ya vitabu ya Houghton Mifflin, alipompa Geisel orodha ya maneno, akamtaka atunge hadithi asitoke nje ya orodha ile. Kazi hiyo ilimchukua zaidi ya mwaka mzima. Mwenyewe alisimulia ya kuwa, alipokaribia kukata tamaa, aliazimu kutafuta maneno mawili yenye kina kimoja, akapata "cat" na "hat", yaani paka na kofia.

Kitabu hicho, The Cat in the Hat, kilitoka mwaka 1957, nacho kina maneno 236 tu yaliyo mbalimbali. Watoto wawili wamezuiwa na mvua nyumbani, mama hayupo. Paka mrefu mwenye kofia ya mistari akaingia, akavuruga kila kitu, na samaki katika bakuli lake akawa anamkemea bure. Mtoto hufunua ukurasa kwa sababu ana hofu: mama atarudi akute nini? Vina navyo si mapambo matupu, kwani akisha kulisoma neno la kwanza, sikio humdokezea la pili.

Mwaka 1960 Geisel alitoa Green Eggs and Ham kwa maneno 50 tu, baada ya Bennett Cerf, mchapishaji wake, kuwekeana naye dau la dola 50 ya kuwa hataweza. Dola hizo, alisema Geisel, hakulipwa kamwe.

Mtungaji wa Kiswahili akitaka kuiga, asihesabu maneno. Neno moja "soma" huzaa anasoma, hatukusoma, wasomaji, na mengine mengi. Na ahesabu silabi. Mtoto wetu ana bahati, kwa kuwa akisha kujua ba, be, bi, bo, bu, husoma neno kama liandikwavyo, jambo ambalo Mwingereza hawezi kulitumaini. Taabu yake ni urefu. Akifika mwisho wa "hawakumsikiliza" amekwisha sahau mwanzo. Lakini mchoreeni kuku aliyevaa viatu, na chini yake mwandike "Kuku amevaa viatu." Atayasoma maneno yale mara mbili, apate kuhakikisha ya kuwa macho hayamdanganyi.