Kompyuta Zilizofungiwa Kabatini

Wako watu katika vijiji vyetu, tena watu wa heshima, wajumbe wa kamati za shule na wazee wa kanisa, wasemao ya kwamba kompyuta ya shule ikizeeka haina dawa: yapasa ifunikwe kitambaa, ifungiwe kabatini, nasi tungoje mfadhili mwingine. Neno hili limeenea hata limekuwa kama sheria. Sisi walimu twalipinga.

Kwanza twauliza, ni nani aliyetufundisha kungoja namna hii? Cherehani iliyonunuliwa na bibi ingali ikishona sare za shule, kwa kuwa mwenye nyumba huitia mafuta, huifuta vumbi, na mkanda ukikatika hubadili mkanda. Hakuna amngojaye mwenye kiwanda aje kutoka Ulaya. Mpira wa baiskeli ukitoboka, mtoto wa darasa la tano ajua kuuziba. Pampu ya kisima nayo ina mfuko wake na watunzaji wake, maana tuliambiwa tangu siku ya kwanza ya kwamba maji yasipochangiwa yatakatika. Kompyuta peke yake ndiyo iliyoletwa kwa hotuba na picha, kisha ikaachwa bila mtunzaji, bila shilingi moja ya matengenezo, bila mtu wa kuulizwa. Atoaye zawadi ya namna hii ametoa nusu. Lakini aipokeaye na kuiacha ioze, hiyo nusu nayo ameitupa.

Tazameni matunda yake. Mwalimu wa TEHAMA husimama mbele ya watoto akachora kipanya kwa chaki ubaoni, nao watoto hukichora madaftarini na kukariri sehemu zake kama wakaririvyo mito ya Afrika. Na kipanya chenyewe ki hatua ishirini tu kutoka hapo, ndani ya kabati, na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda shambani. Kila msomaji aijua habari ya yule mtumwa aliyefukia talanta ardhini. Yeye naye hakuiiba.

Watajibu: "Imekufa." Mmejuaje? Mara nyingi ugonjwa wake ni mdogo mno. Iko kompyuta inayoamka kila asubuhi ikidai ya kwamba mwaka ni 2009, ikagoma kuendelea mpaka ibonyezwe kitufe, watu wakasema imerukwa na akili. Kumbe betri ndogo ya duara iliyo ndani yake, iandikwayo CR2032, ya volti 3, ambayo huitunzia saa umeme unapozimwa, imekwisha nguvu. Bei ya betri hiyo haifiki bei ya kuku. Nyingine huzimika baada ya dakika kumi, kwa sababu feni imejaa vumbi na utando wa buibui, nayo hujizima isije ikaungua. Ng'oa waya ukutani, fungua ubavu wake, ishike feni kwa kidole isizunguke, upanguse kwa brashi laini iliyo kavu. Nyingine hulia tu wala haionyeshi kitu katika kioo. Huenda ni kile kibao chembamba cha kumbukumbu, RAM, kilicholegea au kuchafuka meno. Kitoe, yasugue meno yake taratibu kwa ufutio wa penseli, ukirudishe mpaka vishikizo vibane. Je, kazi hizi zataka shahada?

"Mwalimu ataiharibu." Hofu hii ina haki mahali pamoja tu: kile kisanduku cha chuma kiingiapo waya wa umeme kisifunguliwe kamwe, maana chaweza kushika umeme hata baada ya waya kung'olewa, nao huua. Hapo na aitwe fundi. Hofu ya mengine yote ni uvivu uliovikwa joho la busara. (Wala hatuoni hofu hiyo wakati vijana waletapo flashi zao za nyimbo za harusi, zenye virusi vya kila namna, na kuzichomeka bila kuulizwa na mtu.)

Sasa limezuka neno jipya. Kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masahihisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Na Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, huzikataa kompyuta nyingi za zamani kwa kukosa kifaa fulani cha ulinzi. Basi wale wangojao wamepata hoja: tazama, hata wenyewe wamezikataa! La, hasha. Iko programu ya Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na kijana wa Ufini, Linus Torvalds, nayo hutolewa bure. Namna yake moja iitwayo Linux Mint hutosheka na kumbukumbu ya GB 4, na kwa shida hata 2. Waweza kuijaribu kutoka katika flashi kabla ya kuipandikiza; na siku ya kuipandikiza, nakili kwanza mahali pengine barua na alama za watoto. Haina wizi ndani yake. Shule nyingi zatumia programu zisizolipiwa, na katika chumba hicho hicho watoto hufundishwa amri kumi.

Twazitaka kamati, katika mkutano ujao, ziandike katika daftari jina la mwalimu mmoja na wanafunzi wawili watakaoitunza kompyuta, na fedha kidogo za betri, brashi na stabilaiza ya kuikinga na umeme unaopanda na kushuka. Wazazi waliochangia keki ya mahafali hawawezi kusema hawana. Na ufunguo wa kabati usitoke tena nje ya uwanja wa shule.