Dawa ya kifafa: mama aulizwe kabla hajashika mimba

Mtoto akizaliwa na mgongo wazi, au akichelewa kusema hadi wenzake wanaanza shule, jamaa aghalabu huanza kutafuta mchawi. Mama naye huambiwa alivunja mwiko. Ni nadra mtu kuuliza ni tembe gani alizokuwa akimeza mimba ilipotunga.

Msomaji mpenzi, leo nataka tuzungumzie dawa moja tu, sodiamu valproeti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Epilim. Ilianza kutumiwa nchini Ufaransa mwaka wa 1967 kutibu kifafa, na baadaye maradhi fulani ya akili. Ni dawa yenye nguvu, na imewakinga wengi wasianguke motoni au mtoni. Sina ugomvi nayo anapoimeza ajuza wa miaka 70. Ugomvi wangu ni pale anapopewa msichana wa miaka 17 bila kuulizwa wala kuelezwa neno.

Katika kila watoto 100 ambao mama zao waliitumia wakiwa waja wazito, takriban 11 huzaliwa na kasoro za mwili, kama vile mgongo wazi, mdomo uliopasuka au moyo wenye hitilafu. Kwa kina mama wengine, idadi hiyo ni wawili au watatu. Isitoshe, kati ya watoto 30 na 40 katika kila 100 huchelewa kutembea na kusema, au hupata taabu kukumbuka na kujifunza. Hawa ndio husahauliwa, kwa kuwa wengi huonekana wazima wanapozaliwa, na shida hujitokeza darasani. Kadiri dozi inavyokuwa kubwa, ndivyo hatari inavyozidi.

Huko Ufaransa, wakuu wa dawa walikadiria mwaka wa 2017 kwamba watoto kati ya 2,150 na 4,100 walikuwa wamezaliwa na kasoro kwa sababu ya dawa hii. Mnamo Mei 2023, Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba wanawake na wasichana wanaoweza kushika mimba wasipewe valproeti.

Tatizo kubwa ni wakati. Uti wa mgongo wa mtoto huwa umekwisha kufunga kufikia siku ya 28 baada ya mimba kutunga. Siku hiyo, kina mama wengi hata hawajajua kuwa wana mimba. Kule Nyacheki, Kaunti ya Kisii, kama kwingineko mashambani na hata hapa mjini, wapo wanaongoja tumbo lionekane ndipo waende kliniki. Tembe za madini ya chuma na asidi ya foliki watakazopewa siku hiyo zitawafaa kwa damu, lakini kwa mgongo wa mtoto, muda umepita.

Kuna unga pia. Tangu mwaka wa 2012, sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe asidi ya foliki. Wewe wa mjini waipata katika ugali wako. Mama anayebeba mahindi ya shamba lake hadi kisiagini hurudi na unga usioongezwa chochote.

Ndiyo maana nasema swali la mimba lisingoje kliniki ya waja wazito. Liulizwe siku dawa inapoandikwa, na tena kila mgonjwa anaporudi kuchukua nyingine: Je, unatarajia kupata mtoto? Unatumia njia gani ya kupanga uzazi? Zipo dawa nyingine, kama lamotrijini na levetirasetamu, ambazo hatari yake kwa mtoto ni ndogo zaidi. Tatizo ni bei. Serikali za kaunti, ambazo zimesimamia hospitali tangu mwaka wa 2013, zafaa kuzinunua ili zipatikane hadi mashinani. Bei ya tembe haiwezi kulinganishwa na gharama ya kumlea maisha yote mtoto aliyeumizwa akili.

Hata hivyo, tahadhari isigeuke woga. Mwaka wa 2018, utafiti wa Botswana ulionyesha watoto 4 kati ya 426 waliopata kasoro za uti wa mgongo, mama zao wakitumia dolutegraviri, dawa ya kudhibiti virusi vya UKIMWI, mimba ilipotunga. Kenya na nchi nyingine zikawazuilia dawa hiyo wanawake wa umri wa kuzaa. Takwimu zilipoongezeka, hofu hiyo ilipungua, na mnamo Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wote. Valproeti ni tofauti, kwa kuwa ushahidi wake umezidi kuimarika mwaka baada ya mwaka.

Wewe unayesoma ukurasa huu, huenda una binti, dada au shemeji nyumbani mwenye kifafa. Mpigie simu, umwulize jina la dawa anayomeza. Ikiwa ni hii, usimwambie aitupe! Kuiacha ghafla kwaweza kuleta degedege lisilokoma, likamuua yeye na mtoto aliye tumboni. Mwambie aendelee kuimeza, lakini amwone daktari upesi ili abadilishiwe polepole, na apewe asidi ya foliki ya kipimo kikubwa kabla ya kushika mimba. Ikiwa tayari ana mimba, aende leo.