Mtoto wa Bahi na Ku- Yake

Liko neno linalorudiwa sana na watu wenye elimu, nalo ni kwamba wanafunzi wetu hukosea Kiingereza kwa uvivu, na kwamba dawa ya uvivu huo ni kukifukuza Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza. Nakusudia kulikanusha neno hili, na shahidi wangu ni jambo dogo la sarufi: kitenzi kinachofuata kitenzi kingine.

Mtazame mtoto wa Bahi, magharibi ya Dodoma. Nyumbani husema Kigogo. Shule ya msingi alifundishwa kwa Kiswahili, kama wengi nchini tangu 1967. Akiingia kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yamevikwa Kiingereza. Lugha zake mbili za kwanza ni za ukoo mmoja, na zote hulitaja tendo kwa ku-. Kwa Kiswahili mama yake ataka kupanda mpunga, apenda kupanda, amaliza kupanda. Ku- moja yatosha. Mwingereza hana ukarimu huo. Baada ya "want" adai "to plant". Baada ya "finish" adai "planting". Na katika "make him plant" akataza vyote viwili, akabakiza kitenzi kitupu. Basi mtoto aandikapo "she finished to plant" hakuwa mvivu. Amefuata kanuni kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe ni ya kwao.

Tena, mama akitaka mwanawe ndiye apande, Kiswahili huiweka kando ku- na kushika kiishio -e: nataka apande. Hapo ndipo Kiingereza king'ang'aniapo "to": "I want him to plant". Mtoto huandika "I want he plants", akapigiwa mstari mwekundu. Walakini mgeni wa Kiingereza ajifunzaye Kiswahili husema "nataka yeye kupanda", nasi twamcheka kwa upole na kumsahihisha. Hakuna amwitaye mvivu. Makosa hayo mawili ni kosa moja lililogeuzwa uso, maana kila mmoja amevuka mto kwa mtumbwi wa kwao. Kwa nini mmoja apewe maelezo na mwenziwe apewe aibu?

Sisemi kuwa kosa ni dogo. Bahi ni stesheni ya Reli ya Kati. "The train stopped to pick up passengers" maana yake treni ilisimama ili ichukue abiria; "the train stopped picking up passengers" maana yake iliacha kuwachukua. Habari ya kwanza ni neema kwa mchuuzi wa stesheni, ya pili ni msiba. Mwanafunzi akielezwa tofauti hii kwa Kiingereza asichokielewa bado, huikariri asubuhi na kuisahau jioni. Akionyeshwa kwamba Kiswahili chake kimekwisha kuzitenga maana hizo kwa vitenzi viwili, kusimama na kuacha, huishika maana papo hapo. Linalobaki ni umbo.

Watasema kwamba kulinganisha lugha huvuruga akili. Mbona Edward Steere, alipowatolea Waingereza kitabu cha Kiswahili mwaka 1870, aliwaeleza kwa Kiingereza, na E. O. Ashton akafanya vivyo hivyo mwaka 1944? Hapana aliyeona haya kumfundisha Mwingereza kwa lugha yake.

Sigusi hapa hoja kubwa zaidi ya lugha ya kufundishia, iliyopendekezwa na Tume ya Makwetta mwaka 1982 kuwa Kiswahili katika sekondari, pendekezo ambalo halikutekelezwa. Hata lingetekelezwa, kipindi cha Kiingereza kingalikuwapo. Wala sidai kwamba ulinganishi watosha. Hautamwambia mtoto kwa nini "help" hukubali "to" na kuikataa vilevile. Mambo ya namna hiyo hupatikana kwa mazoea, hata kwa mtoto wa Uingereza.

Ninalodai ni haki ndogo. Kabla ya kuchora mstari mwekundu, mwalimu na amwulize mwanafunzi: ulitaka kusema nini kwa Kiswahili? Katika jibu hilo ataikuta kanuni iliyozaa kosa. Na kosa lenye kanuni hufundishika.