AFYA NYUMBANI: Mlinzi Apigaye Kelele Bure

Mwezi huu twataka kuwaeleza ugonjwa uwashikao watu wengi katika Marekani ya Kaskazini kila ifikapo Agosti: chafya zisizokoma, kamasi jepesi na macho ya kuwasha.

Huko hukua gugu liitwalo Ambrosia, kandokando ya njia na katika mashamba yaliyoachwa. Maua yake ni madogo na ya kijani, wala hayatazamwi na mtu. Lakini mmea mmoja waweza kutoa punje 1,000,000,000 za chavua, yaani vumbi la maua, na upepo huzichukua mbali mno.

Vumbi hilo si sumu. Basi lasumbuaje? Mwili una walinzi wake, waitwao kingamwili, wapiganao na maradhi. Kwa watu wengine walinzi hao humdhania mgeni asiye na silaha kuwa mwivi. Hapo kwanza mtu hasikii kitu; kingamwili hutengenezwa kimya kimya, zikajishikiza katika seli za puani na machoni. Vumbi lirudipo, seli hizo humwaga histamini, nayo ndiyo iletayo chafya na machozi. Kingamwili hizo, yaani IgE, zilitambuliwa mjini Denver mwaka 1966 na Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, walipochunguza damu ya watu wasumbuliwao na gugu hilo hilo.

Wengi hulaumu Solidago, ua zuri la manjano lichanualo majira yale yale. Nalo halina hatia: chavua yake ni nzito, huchukuliwa na nyuki, si na upepo.

Hapa kwetu pia wako wasumbuliwao na vumbi la nyumbani au chavua ya majani, na mambo mwilini huenda vivyo hivyo. Kwa hiyo, enyi wazazi na walimu, mtoto apigaye chafya namna hii msimtenge, kwa maana haambukizi. Wala msiseme amerogwa. Afungiwe madirisha wakati wa vumbi, aoshwe uso na nywele arudipo. Ziko dawa za kuzuia histamini, na sindano za kuuzoeza mwili kidogo kidogo, ambazo Leonard Noon aliandika habari zake London mwaka 1911. Bali kifua kikilia na pumzi zikimpungukia, apelekwe hospitali pasipo kukawia.

Mlinzi wa mwili hukosea kwa kuwa hana macho. Sisi tuliopewa macho na akili, tusimlaumu asiye na hatia.