Tamathali Si za Mtihani Peke Yake

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha nne tashbihi ni nini. Atakujibu bila kusita: ni kulinganisha vitu kwa "kama", "mithili ya" au "mfano wa". Sitiari, tashihisi, takriri, chuku, tasfida, zote atazimwaga. Kisha mpe shairi umwulize mtunzi alizitumia kwa nini. Hapo utamwona akikuna kichwa.

Kosa si lake. Tumemfundisha kuzihesabu tamathali, hatukumfundisha kuzipima. Kusema "mwandishi ametumia sitiari" ni nusu ya jibu. Nusu iliyobaki ndiyo elimu yenyewe: sitiari hiyo imefanya kazi gani ambayo maneno makavu yasingeiweza?

Mtazame Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Alifungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wake "Kenya: Twendapi?", ulioikosoa serikali waziwazi. Tungo zake za gerezani zilichapishwa 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki, na humo mna shairi liitwalo "Mamba". Asomaye juujuu ataona mnyama wa mtoni mwenye majivuno. Akumbukaye mtunzi alikuwa wapi ataona mtawala. Yale ambayo kuyasema wazi kulimtia ndani, sitiari iliyabeba hadi nje.

Lakini silaha ya mnyonge ni silaha ya mwenye nguvu pia. Mwanasiasa akipanda jukwaani akasema, "Sote tukaze mikanda, nani asiyependa maendeleo?" usikimbilie kushangilia. Mchambue. Mkanda umeivika njaa joho la ushujaa. "Sote" imewapanga safu moja mwenye shibe na asiye na chakula. Na lile swali la balagha halingoji jibu. Limewekwa ili atakayepinga aonekane adui wa maendeleo. Kesho nauli ikipanda, utaambiwa "imerekebishwa". Hiyo ni tasfida: mfuko wako umepapaswa kwa adabu.

Wapo wasemao kwamba kuchambua hivi kunaua utamu wa lugha. Sikubaliani nao. Ajuaye bao huufurahia mchezo kuliko mtazamaji asiyejua kete zimetoka shimo gani.

Basi walimu, punguzeni orodha za kukariri. Leteni darasani hotuba ya jana, tangazo la sabuni na wimbo wa taarabu, vijana wavifumue. Wazazi, mtoto akihoji maana ya fumbo, msimkemee kwa ujuvi. Nawe msomaji, kila usikiapo neno tamu jiulize mambo mawili: limefananisha nini na nini, na nani atafaidika nikilikubali? Asiyejiuliza hayo atapiga makofi leo, na kesho atalipa gharama asiyojua aliikubali lini.