Wote tunauza jezi za derby. Binti wa saizi 37 anauziwa na nani?

Wajasiriamali wenzangu, leo naongea kitu ambacho najua kitawakera baadhi yenu.

Ikikaribia Simba na Yanga, ukifungua simu ni jezi tu. Bidhaa moja, picha moja, tunashushiana bei mpaka faida inabaki buku. Mimi mwenyewe nilijaza mzigo msimu mmoja, mechi ikasogezwa mbele, mtaji ukalala ndani miezi. Sina wa kumlaumu, nilikimbilia mwenyewe.

Wiki ileile dada mmoja akaniandikia inboksi: "Kaka, njumu saizi 37 unazo?" Nikamjibu zinaanzia 40, avae soksi mbili. Hakurudi. Hata ningekuwa mimi nisingerudi! Mtu anakwenda kukimbia dakika 90, wewe unamwambia aogelee ndani ya kiatu.

Jamani, Ligi Kuu ya Wanawake ipo tangu msimu wa 2016/17. Mlandizi Queens wakachukua ubingwa wa kwanza, kisha hadi 2025 JKT Queens na Simba Queens wakawa wanapokezana. Simba Queens walimaliza wa nne Afrika mwaka 2022 kule Morocco. Clara Luvanga alikwenda zake kucheza Al Nassr, Saudi Arabia. Na siyo Dar peke yake: Iringa kuna Ceasiaa Queens, Mwanza Alliance Girls, Mara Bunda Queens. Nyuma ya kila timu kuna mabinti wa shule na mtaani wanaotaka kufika huko, na mzigo wao unapanda basi kama mzigo mwingine wowote.

Wanakosa nini? Njumu za 36 hadi 39. Sidiria za michezo zinazobana kweli, siyo zile za urembo. Vikinga ugoko vidogo. Hijabu za michezo, kwa wanaozivaa. Jezi za mazoezi zilizokatwa kike, maana tumezoea kuwapa "small" ya kiume, mabega yanamwagika.

Utaniambia soko ni dogo. Kweli, ni dogo, majukwaa mara nyingi hayajai na wengi wa wachezaji hawana hela ya kuchezea. Ndiyo maana sikushauri ujaze stoo. Chukua oda, mteja alipie nusu, ndipo ufuate mzigo Kariakoo. Mwambie akanyage karatasi, achore mguu, apime kwa sentimita, kwa sababu 38 ya kiatu hiki siyo 38 ya kile, na kurudisha kiatu Bunda kunakula faida yote. Ukipata mtunza vifaa wa timu moja akakuamini, umepata wachezaji zaidi ya ishirini kwa mpigo.

Ila usifyatue jezi feki za hizo klabu. Timu za wanawake hela yenyewe ya kuokoteza, halafu na wewe uwapunguzie? Na picha ya mchezaji usiibandike kwenye tangazo bila kumuomba, hata kama ana wafuasi 300 tu.

Mimi nimeanza na pea sita. Yule dada nilimtafuta nikamuomba radhi, akachukua ya 37 na akaniletea wenzake wawili. Nne zimetoka, zimebaki mbili za 36.